Sura ya Sita: Abaki Nyumbani au Apelekwe Kituoni?

"Kituo kizuri cha watoto kama hawa kiko wapi?" Mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu huuliza hivyo kwa ofisa ustawi wa jamii, kwa mwalimu mkuu, kwa padri, kwa shehe, hata kwa abiria aliyekaa naye kiti kimoja kwenye daladala. Mara nyingi anauliza akiwa amechoka kiasi kwamba jibu lolote lenye jina la mahali na namba ya simu litamtosha.

Swali hilo halina aibu, na anayeliuliza hamkani mtoto wake. Wengi wanaomnyooshea kidole hawajawahi hata siku moja kubisha hodi kwake wamshike mtoto ili yeye apate kuoga. Tatizo la swali hilo ni kwamba linakuja mapema mno. Kabla ya "wapi" kuna "kwa ajili ya nini" na "hadi lini". Mzazi asiyeyajibu hayo mawili anaweza kumkabidhi mtoto kwa watu wema kabisa, na bado mtoto akaumia.

Msimamo wa sura hii ni huu: kumlaza mtoto nje ya kwao kunafaa pale kunapompa kitu mahususi asichoweza kukipata nyumbani, kwa muda unaojulikana, huku familia ikibaki kuwa familia yake. Pasipokuwa na kitu hicho, panakuwa mahali pa kumweka tu, na mtoto hawekwi.

Familia inaomba nini hasa?

Tuseme kuna mama wa Mbagala anayeuza vitumbua. Mwanawe wa miaka minane ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na tangu hapo misuli haimtii. Hawezi kukaa bila kushikiliwa. Hulishwa, na mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Baba aliondoka zamani. Mwenye nyumba analalamikia kelele za usiku. Mtoto anazidi kuwa mzito, na mgongo wa mama umeanza kuuma.

Mama huyu akisema anatafuta kituo, amesema mambo mengi kwa mkupuo mmoja. Anahitaji kulala. Anahitaji mtu wa kukaa na mtoto asubuhi ili biashara isife. Anahitaji kiti cha kumkalisha mtoto wima, na mtu wa kumwonyesha namna ya kumlisha asipaliwe. Anahitaji pia kusikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba hakulogwa wala hakulaaniwa. Katika yote hayo hakuna hata moja linalolazimu mtoto ahame.

Wakati mwingine kinachohitajika ni kliniki. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, ule mguu uliopinda kwa ndani, hunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, kisha huvishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma ili mguu usirudi ulivyokuwa. Hospitali ya CCBRT, Msasani, imewatibu watoto wengi kwa njia hiyo. Mtoto anakuja, anafungwa plasta, anarudi kwao. Mtoto mwenye kichwa kikubwa, hali inayoletwa na maji kujaa ndani ya fuvu, anahitaji upasuaji mapema, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hufanya upasuaji huo. Familia inayotumia miezi ya mwanzo kutafuta makao ya kumwacha inapoteza muda ambao ubongo wa mtoto hauna.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzazi ni kuandika, au kumwomba mtu amwandikie, orodha ya yale yanayomshinda kwa siku moja ya kawaida, kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane. Orodha hiyo ndiyo aende nayo kwa ofisa ustawi wa jamii. Akienda na neno "kituo" peke yake, atajibiwa kuhusu kituo.

Aina tatu zisichanganywe

Mtaani kila mahali panapolaza watoto wenye ulemavu huitwa kituo. Ndani yake kuna mambo matatu yaliyo mbali mbali sana:

- Shule ya bweni. Mtoto anakwenda kusoma, analala huko wakati wa muhula, likizo anarudi kwao.
- Kituo cha utengamao. Utengamao ni huduma za kumrudishia mtu uwezo wa kutumia mwili na kujimudu: mazoezi ya viungo, mafunzo ya kula na kuvaa, viungo bandia, viti mwendo. Mtoto hukaa wiki au miezi, na penye utaratibu mzuri mzazi hukaa naye ajifunze.
- Makao ya watoto. Haya ni ya kuishi, na kwa kawaida huwapokea watoto ambao nyumbani hawana mlezi au hawako salama. Tanzania, makao lazima yawe na leseni kutoka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii.

Mzazi anayedhani amempeleka mtoto shule, kumbe amempeleka makao, atashangaa likizo ikifika na hakuna anayempigia simu aje kumchukua.

Pale bweni linapokuwa jibu sahihi

Hapa ndipo wanaopinga kila bweni wanapokosea. Mtoto aliyezaliwa kiziwi katika kijiji ambacho hakuna mwingine kiziwi anaweza kufika miaka saba akiwa amezungukwa na ndugu wanaompenda sana, na asiwe na lugha. Ana ishara za "kula", "maji", "njoo", na pengine moja ya kumtaja bibi. Hawezi kuuliza kwa nini babu hajaonekana tangu wiki iliyopita. Hawezi kueleza kwamba tumbo liliuma jana na leo limepoa. Upendo upo, mazungumzo hayapo, na miaka ambayo ubongo hushika lugha kwa urahisi inazidi kwenda.

Mtoto huyo anahitaji watu wanaozungumza kwa lugha ya alama kutwa nzima, watoto kwa watu wazima. Shule ya viziwi ya Tabora imekuwepo tangu 1963, ya Buguruni jijini Dar es Salaam tangu 1974, na nyingine zikafuata, zikiwemo za Mwanga na Njombe. Mengi hufundishwa darasani, lakini lugha hukomaa jioni, wakati wa kufua, kusukana, kugombania zamu ya bomba na kutaniana vitandani. Kwa mtoto wa namna hii bweni linampa kitu ambacho kijiji chake, kwa sasa, hakina.

Sharti lipo. Mtoto akirudi likizo akiwa na lugha nzima mikononi, na nyumbani wamebaki na ishara zilezile chache, atakuwa mgeni kwao. Baada ya miaka michache ataomba likizo iishe. Wazazi na ndugu lazima wajifunze lugha ya alama pamoja naye, hata maneno machache kila likizo. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pa kuanzia kuuliza mafunzo yanapatikana wapi.

Kwa mtoto asiyeona hoja inafanana, ingawa si kwa uzito uleule. Lugha anayo, anachohitaji ni nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole, pamoja na kufundishwa kutembea kwa fimbo nyeupe. Shule ya Buigiri, Dodoma, imefundisha wasioona tangu 1950. Siku hizi baadhi ya shule za kawaida zina kitengo chenye mwalimu mtaalamu, na kama kipo kinachofikika kwa miguu au kwa basi, mtoto alale kwao.

Mtoto mwenye ulemavu wa akili, au mwenye usonji, yaani hali inayoathiri namna anavyowasiliana na kuhusiana na watu, yuko upande mwingine kabisa. Mafunzo yake makubwa ni kuoga, kuvaa, kupika chai, kuvuka barabara, kujua duka la nani linauza sabuni. Mambo hayo huyajifunza vizuri zaidi mahali atakapoyatumia, kwa sababu ugumu wake mmoja ni kuhamisha ujuzi kutoka mahali pamoja hadi pengine. Aliyefundishwa kuwasha jiko la gesi la kituoni anaweza kusimama mbele ya mafiga ya nyumbani asijue pa kuanzia. Shule za kutwa, kama Sinza Maalum jijini Dar es Salaam au Irente Rainbow kule Lushoto, zinamfaa kuliko bweni la mbali.

Kwa ufupi: kadiri kile anachokifuata mtoto kinavyokuwa adimu nyumbani, ndivyo hoja ya bweni inavyopata nguvu. Kadiri mafunzo yake yanavyohusu maisha ya kila siku, ndivyo inavyodhoofika.

Buhangija na Kabanga: hifadhi iliyorefuka

Tanzania ina mfano wake mkubwa, na haufai kusahauliwa. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa Kanda ya Ziwa. Waganga wa uongo walieneza imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, na watoto walikuwa wahanga rahisi. Serikali ilikusanya watoto wengi wenye ualbino ikawapeleka katika shule na vituo vyenye ulinzi: Buhangija mkoani Shinyanga, Kabanga wilayani Kasulu, Mitindo wilayani Misungwi na kwingineko. Wengine walipelekwa na wazazi wenyewe, usiku, kwa hofu.

Uamuzi huo uliokoa maisha. Hilo lisemwe wazi, maana mzazi aliyemkabidhi mtoto polisi mwaka 2009 alikuwa anachagua kati ya uhai na kifo, na alichagua sawasawa.

Ugumu ulikuja baadaye. Shule zilizojengwa kwa watoto wachache zilijaa. Watoto walilala wawili wawili, hata zaidi, katika kitanda kimoja. Mafuta ya kukinga jua yalihitajika kila siku kwa sababu ngozi yao haina rangi ya kuwakinga na saratani, na upatikanaji ulitegemea sana wafadhili. Kitengo kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kutengeneza mafuta hayo hapahapa nchini kilileta nafuu kubwa. Lakini jambo zito zaidi lilikuwa la ndani. Watoto walioingia wakiwa wa miaka mitatu au minne walikua humo. Baadhi hawakutembelewa. Wazazi wengine hawakuwa na nauli ya kufika Shinyanga, wengine walioa au kuolewa upya, wengine walianza kuamini kwamba mtoto sasa ni wa serikali. Tishio lilipopungua, mtoto alikuwa hamjui mama yake, na kijiji hakikujua namna ya kumpokea.

Hapakuwa na mtu aliyekaa akaamua kwamba watoto hawa watengwe na familia zao. Ilitokea hivyo kwa sababu siku ya kuingia ilipangwa na siku ya kutoka haikupangwa. Hakuna aliyepewa kazi ya kumpeleka mama mara mbili kwa mwaka akamwone mwanawe. Nauli ile ingegharimu kidogo mno ukilinganisha na kilichopotea. Mzazi yeyote anayefikiria kituo leo, kwa ulemavu wowote, ajiulize kuhusu nauli hiyo kabla ya kuuliza kuhusu ada.

Umri unabadilisha jibu

Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu cha Kamishna wa Elimu. Sababu iliyotolewa ni kwamba watoto wadogo wanahitaji kulelewa na wazazi na kujenga uhusiano na familia. Sababu hiyo haina ubaguzi. Kama mtoto wa miaka sita anayekimbia na kusema atakavyo ni mdogo mno kulala mbali na mamaye, basi mwenzake asiyeweza kusema ni mdogo zaidi.

Ushahidi wenye nguvu kuhusu umri ulitoka Romania. Utawala wa Rais Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989, zaidi ya watoto 100,000 walikuwa katika makao ya serikali. Miaka ya mwanzo ya 2000 watafiti kutoka Marekani, wakiongozwa na Charles Nelson, Charles Zeanah na Nathan Fox, waliwafuatilia watoto 136 wa makao ya Bucharest. Nusu walipelekwa kwa familia za kambo, yaani familia zilizopokea mtoto zikisaidiwa fedha na ushauri. Nusu nyingine ilibaki katika utaratibu wa kawaida. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, na walionufaika zaidi ni waliotoka makao kabla ya kutimiza miaka miwili hivi.

Watoto waliokuwa na matatizo makubwa ya kuzaliwa hawakuingizwa kwenye utafiti huo. Maana yake, kuchelewa kulikoonekana kwa waliobaki hakukuletwa na ulemavu wa kuzaliwa. Makao yenyewe, yenye chakula na paa na walezi wanaobadilishana zamu, yalimchelewesha mtoto aliyezaliwa mzima. Mtoto aliyezaliwa na ulemavu hana sababu ya kuathirika kidogo kuliko huyo.

Mtoto asiyeweza kusimulia

Kila mzazi huogopa jambo hili, na hofu yake ina msingi. Mtoto asiyesema, asiyeona anayemgusa, au asiyeweza kukimbia ni rahisi kudhuriwa, popote alipo, nyumbani pia. Bwenini kuna watu wazima wengi zaidi anaowategemea kwa kuoshwa na kuvishwa, na macho ya ndugu yako mbali.

Kuna pia hatari zisizo na mwovu. Usiku wa kuamkia 25 Oktoba 2022 moto uliwaka katika bweni la Shule ya Wasioona ya Salama, wilayani Mukono, Uganda, na watu 11 walifariki, wengi wao watoto. Bweni la watoto wasioona au wasiotembea linahitaji milango inayoweza kufunguliwa kutoka ndani, mtu mzima aliye macho usiku, na mazoezi ya kutoka gizani. Mzazi ana haki ya kuomba aonyeshwe hayo kwa macho.

Mzazi anapotembelea mahali, aulize bila haya:

- Leseni au usajili uko wapi, na ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini?
- Usiku wanalala walezi wangapi na watoto wangapi? Nani anamwosha msichana?
- Funguo za madirisha ya nondo ziko kwa nani?
- Dawa za kifafa zinatunzwa wapi, na zikiisha katikati ya mwezi inakuwaje?
- Mzazi anaweza kuja siku yoyote bila taarifa?
- Watoto waliomaliza hapa wako wapi sasa?

Jibu la maswali mawili ya mwisho lina uzito kuliko rangi ya majengo. Mahali pasipotaka mzazi aje bila taarifa hapafai, hata kama ni pa dini, hata kama ni bure. Na mahali pasipojua waliomaliza wako wapi hapajui kazi yake imezaa nini. Anayeshuku kwamba mtoto anaumizwa apige 116. Simu hiyo ya msaada kwa watoto ni ya bure Tanzania na Kenya.

Kinachoweza kujengwa nyumbani

Kilifi, pwani ya Kenya, walezi wa watoto wenye ulemavu, wengi wao akina mama na bibi, walisaidiwa kuunda vikundi. Walichangiana fedha na kufanya biashara ndogo, walifundishana namna ya kumweka mtoto, na walitembeleana. Watafiti waliofuatilia vikundi hivyo walikuta walezi wakijiona wanaungwa mkono zaidi kuliko awali. Watoto hawakupona, mtindio wa ubongo hauponi kwa vikao. Kilichopungua ni upweke wa mlezi, na upweke huo ndio mara nyingi humsukuma kutafuta pa kumpeleka mtoto.

Fedha nazo zina nafasi yake. Kupitia mpango wa Inua Jamii, serikali ya Kenya hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zilizoandikishwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Ni kidogo, na kwa nepi tu hazitoshi. Hata hivyo ni fedha zinazomfuata mtoto nyumbani, tofauti na misaada mingi ambayo hufika pale tu mtoto anapokuwa nyuma ya bango la kituo. Huo ndio upotofu mkubwa wa mfumo wetu: mfadhili hulipia kitanda, mlezi, daktari na chakula mara mtoto anapoachwa, na mama aliyekataa kumwacha hapati hata kiti.

Pale ambapo nyumbani hapafai kweli, kwa sababu mlezi amefariki, ni mgonjwa sana au ndiye anayemdhuru mtoto, bado makao si hatua ya kwanza. Kuna shangazi, kuna bibi, kuna mama mkubwa. Tanzania kuna pia familia za kuaminika, yaani familia zilizochunguzwa na kuidhinishwa na ustawi wa jamii kumpokea mtoto kwa muda. Familia zilizo tayari kupokea mtoto mwenye ulemavu bado ni chache, na zinahitaji mafunzo na fedha. Rwanda ilijifunza hilo. Mwaka 2012 ilihesabu watoto na vijana 3,323 katika makao 33, ikaanza mpango wa kuwarudisha katika familia. Watoto wenye ulemavu ndio waliosubiri zaidi, kwa sababu kuwaandalia nyumba kulihitaji kazi kubwa zaidi.

Ikiamuliwa aende

Sheria inaunga mkono familia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unakataza mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu wake au wa wazazi wake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka kila uamuzi utangulize maslahi ya mtoto mwenyewe, na inavitaka vituo kumsaidia mtoto kuungana tena na wazazi wake. Mzazi hana haja ya kujua vifungu. Ajue tu kwamba akidai ratiba ya kumrudisha mtoto nyumbani haombi hisani.

Uamuzi ukifikiwa, uandikwe kwenye karatasi moja na usainiwe na pande zote: anakwenda kupata nini, nani ataangalia kama anakipata, atarudi lini kwa likizo, na tarehe gani familia na kituo watakaa kuamua upya. Mtoto aambiwe mapema, kwa lugha au picha anayoielewa, wala asidanganywe kwamba wanakwenda sokoni. Aende na kanga ya mama au shati la baba. Wadogo zake wapelekwe wakaone anapolala. Baada ya mwezi mmoja mzazi aende bila taarifa, amkague mwili, amwone anavyokula, amtazame usoni mlezi anapoingia chumbani. Akiona mtoto amekonda, amenyamaza kuliko kawaida au anaogopa kuguswa, amrudishe siku hiyohiyo. Ada iliyolipwa itajadiliwa baadaye.

Kuna ombi kwa wasomaji wasio na mtoto mwenye ulemavu. Msikiti, kanisa au kikundi cha kuweka na kukopa kinachobeba mchele na sabuni kila Idi na Krismasi kwenda kupiga picha makaoni kianze kwa kumuuliza mjumbe wa mtaa wake: ni nyumba gani hapa ina mtoto asiyetoka nje? Waende huko kwanza. Walipie kiti mwendo chake, walipie nauli ya kliniki, na wachague watu wawili wa kupokezana kumshika kila wiki, mwaka mzima.